Marekani hakuna BMT

Binti yangu kazi yake ni kuinuliwa juu. Wenzake watatu wanamkamata nyayo na vifundo, wanahesabu hadi nane, anapaa. Huku Texas wanaita chialidingi, na tafadhali usiwawazie wale mabinti wa kutikisa mashada ya nailoni kando ya uwanja. Huu ni ushangiliaji wa mashindano: dakika mbili na nusu za sarakasi na muziki, majaji wamejipanga mezani, na kuna jaji mmoja ambaye yeye shida yake ni kosa la kikanuni tu.

Msimu uliopita alilipata. Timu ya binti yangu ipo daraja la 1, ambako wanaobeba hawaruhusiwi kunyoosha mikono juu ya vichwa vyao wakiwa wamemsimamisha mwenzao. Siku hiyo kelele za ukumbi ziliwapandisha mori, wakanyoosha. Sekunde mbili, labda tatu. Karatasi ikarudi alama zimekatwa. Kocha hakubisha. Alifungua kitabu cha kanuni kwenye simu, akawasogezea watoto wasome mstari wenyewe, wakarudi kukaa. Mimi niliyezoea hukumu za kamati zinazokuja kwa barua baada ya wiki tatu, tena zimejaa "kwa mujibu wa" na mujibu wenyewe huuoni, nilibaki nimekodoa macho.

Basi nikawa nawasifia kwa kila mtu. Kwetu Tanzania, Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lipo kwa sheria ya 1967, chama hakichezi bila msajili, uchaguzi ukivurugika BMT inaingia, na waziri naye ana la kusema. Huku wizara ya michezo haipo kabisa. Sheria ya 1978 iliwaachia kamati yao ya Olimpiki kazi ya kutambua vyama vya taifa, serikali ikakaa jukwaani kama sisi wengine. Nikasema hawa wamekomaa.

Hadi nilipouliza swali la kijinga: chama chenyewe ni kipi? Sekondari zina kanuni za NFHS, shirikisho la taifa la michezo ya shule za sekondari. Klabu kama ya kwetu zinafuata USASF, chama cha klabu kilichoanza 2003. Timu ya taifa iko chini ya USA Cheer, ya 2007. Juu ya USA Cheer ipo ICU, shirikisho la kimataifa la ushangiliaji, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua kikamilifu mwaka 2021. Mtoto akitoka mazoezi ya klabu kwenda ya shule, mruko ni ule ule, kitabu kingine.

Na mgawanyiko huo si mambo ya makaratasi tu. Chuo cha Quinnipiac kule Connecticut kilitaka kufuta voliboli ya wanawake na kuhesabu ushangiliaji badala yake kama mchezo wa wanawake. Mwaka 2010 jaji wa shirikisho akakataa: mchezo bado haujapangika kiasi cha kuhesabiwa, kanuni hazifanani, msimu haueleweki. Rufaa ya 2012 ikamuunga mkono. Mabinti wale walikuwa wanavunjika vidole sawasawa na wengine, ila mpangilio wa wakubwa ndio uliowaangusha.

Lakini kilichonitoa jasho ni pesa. Varsity ni kampuni: inauza sare, inaendesha kambi, inaandaa mashindano makubwa. USASF ilianza kwa mkopo wake. Mwanzilishi wa Varsity, Jeff Webb, akawa pia rais wa ICU. Hebu fikiria muuza jezi ndiye aliyeikopesha TFF mtaji, halafu ndiye rais wa CAF. Vipindi vya michezo redioni visingekuwa na mada nyingine mwaka mzima. Huku ilibidi klabu na watazamaji waende mahakamani, na mwaka 2023 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 43.5, bila hukumu ya nani alikosea.

Mimi mwenyewe niliumia kwenye hoteli. Kwenye shindano moja la mbali tuliambiwa tulale kwenye hoteli za orodha ya waandaaji, la sivyo timu haipandi jukwaani. Nina shemeji anaishi dakika kumi kutoka ukumbini, na alishatandika vitanda! Nikauliza pa kulalamika. Waandaaji: ndiyo sera. Klabu: si sisi. Chama: hoteli hazituhusu. Nyumbani ningejua mlango wa kugonga, hata kama ndani ningemkuta mtu anakunywa chai.

Sisemi mkono wa serikali ni dawa. Kenya ilivunja uongozi wa shirikisho lake la soka mwishoni mwa 2021, na FIFA ikaifungia kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF Machi 2017, ikapokonywa Julai, na hapo serikali haikuwa imegusa kitu. Ila angalau magomvi hayo tuliyaona, na tuliwajua wagombanaji kwa majina.

Juzi rafiki yangu mwalimu huko nyumbani ameniandikia anataka kuanzisha timu. Kitabu cha kanuni nimemtumia chote, namwomba akifuate herufi kwa herufi, hasa sehemu ya nani anamdaka nani. Kuhusu usajili nimemwambia aanze na BMT. Na ule mkataba wa sare aliokwisha kuletewa, wenye kipengele cha mashindano ndani yake, nimemwomba asiusaini kwanza.