Brauza zote sawa? Mi nakataa
Nimesoma makala moja, mwandishi wake anasema eti brauza zote, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, ni kitu kimoja, hapana jamani. Mi nipo zangu Kirumba huku Mwanza, juzi nikashusha kwenye simu brauza ya Vivaldi, ile ya jamaa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Opera, brauza nyingine, aisee tabo zimejipanga juu kama kwenye kompyuta na kizuia matangazo kimo humohumo, sema hakijawashwa mpaka ukaguse setingi mwenyewe. Ila ndani ni Chromium, msingi uleule wa Chrome, ukitaka injini (mtambo wa ndani unaoonyesha kurasa) tofauti kweli nenda Firefox. Bando likibaki la kuungaunga narudi Opera Mini, kurasa inabanwa kwanza kwenye seva zao ndo inakufikia, picha nazizima kabisa, mi shida yangu bei ya dagaa tu.