Mwalimu, Lia Tusikie

Leo asubuhi nimeondoka nyumbani nimevaa tai. Nilikuwa naenda benki, mambo ya pensheni, na mstaafu asipovaa tai pale dirishani anaambiwa arudi Jumatatu. Nikafika kwenye tuta la kwanza, lile lisilo na rangi wala kibao, na gari likasema: ngoko.

Si mlango. Mlango naujua, unalia kwii, na nimeufunga kwa mpira wa tyubu tangu Krismasi ya juzi. Si ekzosi, ekzosi ililala njia ya Tororo na sijaenda kuichukua. Hii ilikuwa ngoko ya chini, kama mgeni anayebisha hodi huku akijua mko ndani. Tuta la pili, ngoko-ngoko. Nikakata kukwepa bodaboda iliyobeba kitanda, na mwenye kitanda kakaa juu yake, ndipo mikono ikajua kabla ya masikio: usukani ulizunguka kidogo bila kuyaambia magurudumu.

Mama watoto akaongeza sauti ya redio. Hiyo ndiyo dawa yake ya magari.

Watu huniambia Hilux haifi. Hii ni ya 1994 na kweli haifi, ndiyo shida yenyewe. Ingekufa ningeizika, tukapumzika wote.

Basi nikaingia gereji ya chini ya mwembe, hapa Busia, barabara ya Majanji. Fundi wa pale nilimfundisha hesabu darasa la tatu. Kwenye ripoti yake niliandika kwamba ajaribu ufugaji. Akatoka uvunguni mwa gari la watu, akajifuta mikono kwenye suruali, akanisalimia kwa heshima zote.

"Mwalimu, inalia namna gani?"

"Inagonga."

"Kugonga kuna aina. Lia tusikie."

Walikuwapo vijana wa boda watano, mama wa mahindi, na mbadilisha pesa mmoja na furushi lake la noti. Nikasafisha koo. "Ngoko," nikasema, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Kwa sauti, Mwalimu. Wa nyuma hawakusikia."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema miaka 29.

"NGOKO!"

Mama wa mahindi akasema shemeji yake alikuwa na gari la kulia hivyo hivyo, akaliuza. Kijana wa boda akasema shokapu. Mbadilisha pesa akasema injini, kisha akaondoka, kama wafanyavyo wenye pesa.

Fundi hakuwasikiliza. "Ingekuwa inavuma, na uvumi unazidi ukikimbia, ningesema beringi. Ingekuwa inalia kama kitanda kikuukuu, ni bushi zimekauka. Ukizungusha usukani mpaka mwisho ikakoroma, tungetazama mafuta ya stelingi. Lakini ngoko? Hicho ni kitu kimelegea." Akakandamiza kona ya boneti, akaachia. Shokapu nzima hurudi juu ikatulia. Yangu iliendelea kuitikia kama mwanakamati. "Hiyo nayo imo," akasema, "ila siyo iliyokuleta."

Akapiga jeki, akasukumia na gogo chini ya chesi, maana jeki peke yake haiamini. "Mwalimu, shika gurudumu saa sita na saa kumi na mbili, utikise."

"Saa ya shule au ya nyumbani?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, sita ya nyumbani ni kumi na mbili ya shule. Kumi na mbili ya nyumbani ni sita ya shule. Ni kulekule, juu na chini."

Nimefundisha saa miaka yote hiyo, na sikuwahi kuliona hilo. Nikatikisa. Kimya. Boljointi, vile viungo vinavyolishika gurudumu juu na chini, na beringi zimepona.

"Sasa saa tatu na saa tisa." Sikuuliza ya nani. Nikashika ubavu na ubavu, gurudumu likacheza. Ngoko! Vijana wa boda wakapiga makofi.

Gari likashushwa, likae na uzito wake. Mama watoto akaambiwa awashe injini, auyumbishe usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia. Mimi nikaingizwa uvunguni, na tai yangu, niguse kila kiungo. Tairodi ya kulia, ile fimbo inayolikata gurudumu, imetulia. Ya kushoto, imetulia. "Sasa hapa." Boksi ya stelingi iko kulia, upande wa kushoto kuna mkono mfupi wa kukabiliana nayo, mafundi wanauita aidola. Kazi yake ni kuishikilia ile fimbo ndefu ya katikati isipande wala kushuka. Wangu ulikuwa unapanda na kushuka kama mguu wa mshona cherehani.

"Inatosha!" nikapiga kelele.

"Nimeambiwa nizungushe," akajibu wa juu, na akaendelea, kwa raha ambayo sikuipenda.

Nikauliza kama hatuwezi kuikaza kwa mpira wa tyubu. Hapo fundi hakucheka. "Mwalimu, mlango ukifunguka ataanguka mtu mmoja. Hii ikiachia, tutakuja wote kwako kupika."

Zipo za aina tatu: orijino, orijino kabisa, na ile iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Orijino kabisa mpaka iagizwe Kisekka, kwenye soko la spea la Kampala. Pensheni ipo benki. Benki inataka tai. Tai ina grisi.

Na aidola yenyewe nani ameila? Mimi naendea pensheni na sukari tu! Mwenye pikapu kijijini hana gari, ana gari la kijiji. Ng'ombe wa mahari ni mimi. Hema la harusi ni mimi. Mgonjwa wa usiku wa manane ni mimi, na mafuta "tutaongea."

Hata nikiwa bado uvunguni simu ikalia. Kiongozi wa kwaya. Kuna maziko Jumamosi, watu kumi na wanne na masufuria.

"Haiwezekani," nikamwambia, "aidola imekwisha."

Akanyamaza. Akanipa pole sana, akauliza alikuwa wa upande wangu au wa mama.

Nikamweleza ni gari, linagonga. Akafurahi, akasema hilo si neno, wataimba. Sauti ya nne wako sita, kila mmoja ni gunia moja na nusu la saruji, na wote hupenda kukaa kushoto.