Umri wa sensa ya 1841 hausomwi hivyo
Kusema, kama ilivyodaiwa, kuwa mama huyu wa mji wa Preston, Uingereza, alizaa akiwa na miaka 15, eti kwa sababu sensa ya 1841 inamwandika 35 na binti mfumaji 20, ni kumwonea. Mwaka ule makarani waliagizwa kushusha umri wa waliotimiza miaka 15 na zaidi hadi tano iliyo chini yake: wa 39 akaandikwa 35, wa 24 akaandikwa 20. Kwa hiyo tofauti ya mama na binti inaweza kufika miaka 19, yaani 39 kwa 20. Tena sensa ile haina safu ya uhusiano, kwa hiyo huo umama wenyewe umekisiwa. Huenda ni mama wa kambo, au shangazi. Tazameni vistari vya mshazari kando ya majina: kimoja hufunga familia, viwili hufunga nyumba, na miji ya viwanda vya pamba ilijaa wapangaji. Watafutwe kwenye sensa ya 30 Machi 1851, yenye umri kamili, uhusiano na mkuu wa kaya na parokia ya kuzaliwa. Binti akiwa ameolewa, jina la ukoo limebadilika, na cheti cha kuzaliwa hana, maana usajili wa serikali ulianza Julai 1837, naye alikuwa ameshazaliwa. Hapo ni kitabu cha ubatizo tu. Kuna aliyewaona kwenye ile ya 1851?