Bili ya Milioni Tisini na Moja

Juni 2019 nilikuwa nakaa kaunta ya intaneti kafe moja mjini Tanga, saa moja shilingi 1,000. Seva yetu, kompyuta kuu iliyohesabu muda wa wateja, kibetri chake cha saa, ile CR2032 bapa, kilishakufa zamani. Umeme ukikatika, seva inaamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2009.

Bosi, mama mmoja mkali wa hesabu, hakuona shida. Dakika ni dakika, alisema, hata za 2009. Shida ni kwamba kwenye seva yenyewe hakuna tovuti iliyofunguka. Zote zilidai vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika.

Akaitwa fundi, kijana wa maneno mengi. Akatupa somo la NTP, itifaki ya Mmarekani David Mills, inayofanya saa za kompyuta zipatane hadi sehemu za elfu za sekunde. Sisi tulikuwa nyuma miaka kumi! Akaiambia Windows ivute saa kutoka mtandaoni, ikagoma: kumbe tofauti ikizidi saa 15 haikubali, inahisi inatapeliwa. Fundi akacheka, akaweka programu nyingine isiyouliza maswali, akabonyeza.

Saa ikaruka. Ikatua Juni 2019, ila kwa majira ya California, maana hakuna aliyewahi kugusa mipangilio ya ukanda wa saa. Akairekebisha, saa kumi nyingine zikapita kwa kufumba na kufumbua.

Mashine namba 4 alikaa mwalimu mstaafu, akimwandikia bintiye aliyeko Muscat. Akamaliza, akaja kaunta taratibu, noti ya elfu mkononi.

"Nadaiwa ngapi, mwanangu?"

Nikatazama kioo: 91,284,500.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili?"

Nikamgeuzia kioo. Akavaa miwani, akasoma tarakimu moja moja kwa kidole, kisha akauliza kama kuna punguzo la wastaafu. Bosi akatoka ndani mbio, akaisoma, na naapa kwa sekunde moja hivi macho yake yaling'aa.

Tukaifuta bili, tukamwomba radhi, tukamfungulia muda mpya wa bure asome magazeti. Kibetri kipya kilikuwa palepale kaunta kwenye pakiti yake. Fundi alitaka 5,000 kukifunga, bosi ana 2,000, na mjadala ulikuwa umepamba moto.

Umeme ukakatika.

Uliporudi, seva ikaamka 2009 kama kawaida yake. Nikafungua hesabu ya namba 4: ameanza Juni 2019, amemaliza Januari 2009. Kiasi kilekile cha milioni 91, safari hii kina alama ya kutoa mbele.

Mwalimu alikuwa ameshasogea nyuma yangu na miwani yake.

"Hapo sasa mashine imepata akili," akamwambia bosi. "Mtanilipa taslimu, au kwa simu?"