Umelipia chumba, hujalipia usiku

Kuna sentensi moja ambayo kila aliyepanga uswahilini ameisikia, na pengine ameshaisema mwenyewe: "Na mimi nimelipa kodi yangu." Inatoka mtu akiambiwa apunguze sabufa, akiombwa aondoe ndoo zake koridoni, akiulizwa mbona zamu yake ya kuosha choo imepita wiki mbili. Ikishatoka, mazungumzo yamekufa. Nimeishi miaka tisa katika nyumba ya vyumba sita hapa Dar es Salaam, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, choo na bafu uani. Sidhani kama kuna kelele iliyotugombanisha kuliko maneno hayo matano.

Hebu tuulizane, kodi inanunua nini? Kuta nne na mlango wenye kitasa. Nyumba yetu haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi, na juu yetu sote lilikuwa bati lile lile. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwambia pole. Na kuhama si jambo la kuamka tu na kuhama, maana umeshatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye kala chake. Mmefungwa pamoja mpaka mkataba uishe.

Kuhusu sabufa ya saa sita usiku sina la kuongeza. Anayeipiga anajua anachokifanya. Mimi nataka kusema habari za mchana, kwa sababu huko ndiko nilikokosea mwenyewe.

Chumba cha jirani yangu alikaa mlinzi. Anarudi kazini saa moja asubuhi, anaoga, analala. Dirisha lake lilitazama uani, na uani ndipo nilipokuwa natwanga kisamvu, nafua, naita watoto, na redio yangu ndogo iko juu ya karo. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka bila wasiwasi wowote. Mchana ni mchana, nani analala? Siku moja akatoka na macho mekundu, akasimama mbali kidogo kama mtu anayekuja kukopa. "Dada, samahani sana. Huu usiku wa nne mfululizo niko kazini. Ukitwangia kule kwenye mwembe utakuwa umenisaidia." Nikaona aibu, nikamjibu kwa ukali wa aibu: "Sasa kaka, si ungesema siku zote!" Akacheka. "Nitaanzaje kumwambia mtu asitwange mboga saa nne asubuhi?"

Nimelifikiria sana lile jibu. Anayesumbuliwa usiku ana haki ya kugonga mlango, watu wote watakuwa upande wake. Anayesumbuliwa mchana hana hata pa kuanzia. Siku hizi nikihamia mahali, baada ya kusalimia naulizia nani anaingia zamu ya usiku, nani ana mtoto mchanga, nani mgonjwa. Inaonekana kama umbea. Ni afadhali umbea huo kuliko kinu changu cha mwaka ule.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kwanza. Hapo sasa.

Mita ilikuwa moja, tukichanga kila uniti zikikaribia kuisha. Mwenye taa na feni anachangia sawa na mwenye friji, pasi na jiko la umeme, kisha tunashangaa kwa nini watu wananuniana. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba familia sita kwenye mita moja zinaumia kwa namna nyingine pia. Bei nafuu ya TANESCO, shirika la umeme, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, ni ya mteja anayetumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi. Familia moja yenye taa, televisheni na feni inaweza kubaki humo. Sita haziwezi. Kwa hiyo mtu wa taa mbili anauziwa umeme kwa bei ya mtu wa friji, kwa sababu tu wanatumia mita moja.

Ongeza kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, ikianzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni deni la mwenye nyumba, ila linamkuta aliyenunua umeme kwanza mwezi huo. Kwetu watu walikuwa tayari kukaa giza tarehe moja usiku, kila mmoja akisubiri mwenzake anunue. Kichekesho, lakini tulikaa giza kweli. Dawa ilikuja mama wa chumba cha tatu aliposhika daftari. Kila kifaa kikaandikiwa mchango wake, risiti zikabandikwa ukutani, na ile 1,500 ikakatwa kwenye kodi ya chumba kwa makubaliano na mwenye nyumba. Aliyekasirika ni mmoja tu, mwenye friji mbili, na hata yeye alilipa.

Mengine nayapita. Osha choo zamu yako ikifika. Usiwashe jiko la mkaa koridoni, moshi wake unaua watu wakiwa wamelala. Maji yakitoka baada ya siku tatu, usijaze mapipa yako manne kabla jirani hajapata ndoo moja. Harufu ya papa anayechemka siyo kosa, na wanaonuna wanajua wenyewe wanachokitamani.

Ila kuna adabu moja haiandikwi kwenye karatasi zile za "SHERIA ZA NYUMBA", nayo ni adabu ya masikio. Chini ya bati moja unasikia kila kitu: mshahara wa mtu, madeni yake ya kikoba, ndoa inavyovunjika Jumanne na kurudi Alhamisi. Huwezi kuziba. Unachoweza ni kutoka asubuhi na kusema "umeamkaje jirani" kwa sauti ya mtu aliyelala fofofo. Pazia nalo ni hivyo hivyo. Mchana milango iko wazi kwa joto, pazia limeshushwa, na kwetu pazia ni mlango. Unapiga hodi ukiwa nje yake, huchungulii kwanza ndipo upige hodi. Kipo kimoja tu nisichokikubali kwenye adabu hii: mtu akipigwa akalia, usijifanye umelala. Nimewahi kujifanya, na nilivyokutana na yule mama bombani kesho yake sikujua niweke wapi macho yangu.

Sasa nimehamia penye choo ndani, mita yangu, na dari. Marafiki wananipongeza kana kwamba nimeondokana na majirani. Wiki iliyopita jirani mpya aligonga kuniarifu kwamba Jumamosi ana arobaini ya mtoto, muziki utapigwa mpaka saa nne usiku, nimvumilie. Ulizimwa saa sita kasoro. Nilikuwa nahesabu dakika, siwezi kukataa, lakini hasira haikuja kama nilivyoitarajia. Jumapili akaleta pilau kwenye sahani ya udongo yenye maua. Bado ninayo mezani. Nasubiri kisamvu kiive vizuri, maana siwezi kuirudisha tupu.