Ugomvi wa maarusi: uandikwe au uachwe mdomoni?

Hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, vijana wa mtaa wetu wanatayarisha mchezo wa kuchekesha juu ya mume na mke wenye majuma mawili tu ya ndoa. Ukumbi bado haujapatikana, na tayari kikundi kimegawanyika. Wengine wanataka kila neno liandikwe daftarini, na wachezaji wakariri. Wengine wanasema wapatane njia ya hadithi tu, kisha kila mtu aseme kwa mdomo wake.

Hawa wa pili wanatembea katika njia ya wakubwa. Mufwankolo, mchekeshaji wa hapa Lubumbashi, na wenzake, waliokusanya majirani mbele ya televisheni miaka na miaka, hawakushika karatasi. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwafuata mazoezini: walijadiliana hadithi, wakagawana nafasi, na maneno yakazaliwa palepale. Kiswahili chao kilikuwa kile cha uani na sokoni. Daftari la vijana wetu nimelisoma, na bibi arusi anaongea humo kama padri aliye kwenye mahubiri.

Jumamosi moja nilikaa mazoezini. Bibi arusi anapepea mbabula, jiko letu la makaa, makaa hayashiki, moshi unamjaa machoni. Bwana arusi anaingia: "Bukari iko wapi?" Yaani ugali. Yule dada hakujibu. Alimkabidhi mfuniko wa sufuria aliokuwa akipepea nao, akaenda kukaa juu ya bidon, dumu la maji. Tulicheka hadi machozi. Jambo hilo halikuwa limepangwa na mtu yeyote.

Juma lililofuata, pale pale, baba mkwe aliingia akipaza sauti: "Wee mama, mwanaume njo kichwa ya nyumba!" Watu wakapiga makofi. Dada akatafuta neno, akalikosa, akapiga magoti kuomba msamaha. Hilo nalo halikupangwa, na mimi liliniuma.

Ulimi ukikosa neno hushika lile lililo karibu, na maneno yaliyo karibu juu ya mke mpya tunayajua wote: mvivu, mpenda pesa, anamsikiliza mama yake kupita kiasi. Sheria ya familia ya nchi yetu ya 1987 ilimtaka mke amtii mumewe. Marekebisho ya 2016 yalimwacha mume kuwa kichwa cha nyumba, lakini yaliondoa utii huo. Jukwaani, magoti bado yanakunjwa kama zamani; jibu lililoandikwa mapema lingeyazuia.

Kuandika kuna faida nyingine, ya ufundi. Katika Barefoot in the Park, mchezo wa jukwaani wa Mmarekani Neil Simon ulioanza kuchezwa New York mwaka 1963, maarusi wanaishi juu kabisa, hakuna lifti, na kila mgeni anafika akihema. Kicheko kinakua kwa kurudiwa, na kurudiwa huko kunataka mpango. Ngazi hizo hatuna haja nazo Kenya, ambako mgeni anaingia moja kwa moja uani, lakini mfuniko ule ungeweza kurudi mara tatu, kila mara mkononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mbabula, bukari na salamu za wakwe ningeziacha huru kabisa. Jibu la bibi arusi kwa baba mkwe lazima liandikwe, na mwandishi wake awe yule yule anayelisema, kwa Kiswahili chake cha nyumbani. Nilimwambia hivyo baada ya mazoezi, wenzake wakiwa wanakunja mikeka. Aliniomba kalamu.