Ni Kifaranga, Si Kondoo

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kondoo, someni hapa kwanza. Ule ujumbe wa sauti wa shoga yangu, ambao nasikia umeshafika mpaka Muscat, una uongo wa aina mbili. Sikupigwa na kondoo. Na sikumlilia mama. Mama alikuwa kwenye simu, nilikuwa nazungumza naye. Kwa sauti ya juu, haya, sawa.

Ukweli wenyewe unatia aibu zaidi, ndiyo maana nauandika mimi kabla hajauandika yeye.

Walionizoea wanaijua North Ronaldsay, maana nimewachosha nayo. Wageni wangu: ni kisiwa cha mwisho kabisa kaskazini mwa visiwa vya Orkney, huko juu ya Uskoti, watu wake kama sitini hivi, na mti wa kujifichia upepo utautafuta sana. Unapanda kindege cha abiria wanane kutoka Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, robo saa na ushee umefika, na njia nzima kisogo cha rubani kiko hapo, ukitaka kumkuna unamkuna. Mimi na shoga yangu tunakwenda misimu yote. Msiniulize tunafuata nini. Wengine mnakwenda Dubai kununua mapazia, nimewauliza?

Desemba jua linatoka saa tatu asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshakwenda zake. Unasali adhuhuri, hujakunja msala alasiri imeingia, unaweka chai jikoni, haijachemka, magharibi hiyo. Mwezi wa sita ndiyo kichekesho: magharibi karibu na saa nne na nusu usiku, na lile giza la isha halifiki. Usiku mzima mbingu ina weupe tu kama haijaamua. Tuligombana juu ya isha mimi na shoga mpaka tukampigia shehe, na shehe naye akauliza, "Kwani huko mmefuata nini?" Mwezi wa tano wana-kondoo wanaruka kwenye majani. Vuli wanapita bata bukini makundi kwa makundi, na ukungu ukishuka ndege haiji, mnabaki kuangaliana na kula viazi. Mimi hayo yote nayapenda. Naomba mkumbuke hilo mkifika mbele.

Sasa, kondoo. Kondoo wa kule wanaishi ufukweni na wanakula mwani. Ndiyo, mwani, huu huu wa baharini, ila wao ni ule wa kahawia wenye majani mapana. Mwaka 1832 ulijengwa ukuta wa mawe kuzunguka kisiwa kizima, kama kilomita 21, mawe yamepangwa tu bila saruji wala chokaa, ili kondoo wasipande mashambani. Kwingine ukuta unamfungia mnyama ndani, kule amefungiwa nje. Basi wakabaki na miamba na bahari, wakazoea. Maji yakitoka wanashuka kula, maji yakijaa wanapanda kulala na kucheua. Majike ndio hupandishwa ndani ya ukuta kwenye majani wakati wa kuzaa na kunyonyesha. Wengine wote maisha yao ni bamvua na maji mafu, sawasawa na mama yangu.

Maana mama yangu ni mkulima wa mwani, Jambiani. Kilimo kile kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia majini na kamba na vijiti. Siku nilipomsimulia juu ya hawa kondoo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Yaani mimi nainama majini mgongo unakatika, kumbe kuna nchi mwani anapewa kondoo?" Nikamwambia hata Orkney waliwahi kuwa na biashara ya mwani, waliuchoma kupata magadi ya viwanda vya vioo na sabuni, faida wakala wenye ardhi, na kwenye miaka ya 1830 bei ikaporomoka. Mama akafurahi siku hiyo, sijapata kuona. "Kumbe na wao walipunjwa!" Tangu hapo kila nikienda: nioneshe kondoo, nioneshe kondoo.

Tufike kwenye msiba.

Mwisho huu wa mwezi wa saba tulikwenda kujitolea. Dhoruba za baridi huwa zinaubomoa ule ukuta, na wenyeji ni wachache na umri umesogea, kwa hiyo kila kiangazi watu wa kujitolea wanakuja kuyapanga mawe upya. Mimi na shoga tukapewa glavu. Nilikuwa nimevaa koti jipya la rangi ya maziwa. Msiniambie kitu.

Wenzetu wamekaa kunywa chai, simu ikalia. Mama, kwa video. Na si mama peke yake: kawakusanya wenzake wote barazani, wametoka kuanika mwani, vikombe mkononi, macho kwenye simu. Maji yalikuwa yametoka, kondoo wako chini kwenye miamba wanatafuna. Nikasema leo ndiyo siku, nikajipenyeza pale ukuta ulipobomoka, nikashuka upande wa bahari.

"Namuona mmoja tu," anasema mama. "Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma.

"Wawili. Rudi tena."

Nikarudi mpaka mgongo ukagusa mawe. Hapo barazani wote wakashangilia, wamewaona kondoo kumi hivi na midomo imejaa mwani, na mmoja wa kina mama akasema yule mweusi kafanana na mumewe anavyokula. Nikageuza kamera upande wangu ili nicheke nao. Mama hakucheka. Mama akasogeza uso kwenye simu.

"Mwanangu, huyo nani nyuma yako?"

Nikageuka polepole. Ndani ya mwanya wa mawe, usawa wa kiuno changu, amekaa kifaranga. Mkubwa, amenenepa, manyoya meupe yamemfura pande zote, macho meusi mawili yananitazama. Mzuri, wallahi. Mama yake hayupo. Nikawaonesha.

"Jamani yatima!" Baraza zima likahuzunika. "Muone anavyotetemeka, baridi hiyo."

Hakuwa anatetemeka. Alikuwa anapakia.

Lakini hilo nalijua leo. Wakati ule niliona kifaranga anasukasuka shingo, anameza, anatoa kisauti cha kukereza kooni, kisha akafungua mdomo. "Ana njaa huyo," akasema mama. "Mpe hata kipande cha biskuti." Na biskuti mfukoni ninayo. Nikavua glavu, nikaimega, nikainama mpaka uso wangu na uso wake ukabaki mkono mmoja katikati. Upande huu simu, upande huu biskuti. Nikatabasamu. Nikasema, "Maskini weee."

Hiyo "weee" ndiyo iliyoniponza, maana huwezi kuitamka umefumba mdomo.

Nililoona kwanza ni shingo kurudi nyuma. Halafu kitu cha rangi ya chungwa kikatoka, na nakumbuka kabisa nilipata nafasi ya kufikiri: aa, kumbe alishakula. Hicho ndicho kilichonipitia kichwani. Wengine wakiona mwisho wao wanakumbuka utoto wao, mimi nilimfikiria mwenzangu kuwa ameshiba. Kikanipiga kwenye paji la uso. Kilikuwa cha moto, cha mafuta, kizito, kikashuka kwenye nyusi, kikaingia kwenye mtandio, na kilichobaki kikaingia palipokuwa wazi. Mnaotaka kuuliza kama saumu ingeharibika: sikuwa nimefunga.

Harufu ilichelewa kidogo kufika. Ilipofika... Mmewahi kusahau gunia la dagaa nyuma ya nyumba, masika ikanyesha juu yake, kisha jua likawaka? Hiyo, lakini mdomoni.

Kimya. Upepo tu. Kule Jambiani kimya, vikombe vimesimama hewani. Halafu sauti ya bibi mmoja, taratibu, kama anayetoa ushahidi: "Kamtapikia."

Na mimi, badala ya kukimbia, nikasimama pale pale nikamtazama yule mtoto. Nilitaka maelezo, nadhani. Akanipa. Wale viumbe hazina yao haiishi mara moja, basi la pili likatua kifuani, kwenye koti la rangi ya maziwa, kuanzia kola mpaka kifungo cha tatu. Hapo nikapiga ile kelele ambayo shoga yangu anaiigiza kwenye ujumbe wake, na kwa kweli anaiigiza vibaya, yangu ilikuwa na heshima zaidi. Nikarudi nyuma, mguu ukakanyaga mwani mbichi, mguu wa pili ukaufuata wa kwanza, nikakaa kwenye dimbwi. Simu ikaruka, ikalala kifudifudi? Ingelala kifudifudi ningeshukuru. Ililala chali, kamera inatazama mbinguni.

Na kondoo, ambao kwa kawaida ukisogea tu wanatoweka, mmoja wao siku hiyo akaona aje aulize. Akaja kunusa simu.

Kwa hiyo jiwekeni barazani Jambiani. Mmesikia kelele, mmeona mbingu, halafu ghafla pua ya kondoo imejaa skrini nzima. Mama yangu akapiga ukelele uliowatoa wanaume msikitini: "Kondoo kamla mwananguuu!" Hapo ndipo uongo wa kondoo ulipozaliwa, na shoga yangu aliporuka ukuta na kunikuta nimekaa majini, kondoo amesimama juu ya simu, mama analia ndani ya simu, akaamua stori ya kondoo ndiyo atakayokwenda nayo. Kifaranga alikuwa pale pale kwenye mwanya wake, shoga anamuona. Hakumtaja.

Akaja mtazama ndege mmoja, na darubini yake shingoni, akasimama upande upepo unakotoka, mbali, akanieleza kwa upole wote. Ndege wale wanaitwa fulma. Yale mafuta wanayatoa tumboni: ni chakula chao, na ndiyo silaha yao. Ndege mwindaji akipigwa nayo manyoya yanagandana, anaweza asiruke tena, akafa. Kifaranga hata kuruka hajui bado, lakini kulenga anajua. Mamake hajafa wala hajamtupa, yuko baharini anatafuta chakula, na anamwacha peke yake kwa sababu, kama nilivyoona mwenyewe, mtoto anajiweza. Nikamuuliza yanatokaje kwenye nguo. Akatazama bahari. Akasema koti zuri sana lilikuwa.

Lilikuwa.

Yaliyofuata sitayarefusha. Mwenye nyumba ya wageni alinizuia mlangoni, nikavuliwa nje nyuma ya taulo alilolishika shoga huku akicheka mpaka taulo linacheza. Nikaoga kwa shampuu, kwa siki, kwa ndimu, kwa sabuni ya vyombo. Mtandio tukaufukia. Koti likaingia kwenye mifuko ya taka mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu nililinunua kwa pesa nyingi na roho inauma.

Kesho yake uwanjani rubani anapanga watu viti kulingana na uzito. Mimi akanipanga mwisho kabisa nyuma, na kwa mara ya kwanza sikuona kama ni mambo ya uzito. Milango ikafungwa. Injini ikawaka. Dakika mbili hewani, na madirisha yale hayafunguki, nikaona mabega ya aliye mbele yangu yanapanda, halafu ya aliye mbele yake, harufu inakwenda kiti kwa kiti nami naifuata kwa macho mpaka ikamfikia rubani. Hakugeuka. Akauliza neno moja tu: "Fulma?"

Ndege nzima ikaitikia. Shoga yangu, jirani yangu wa kiti, alikuwa ameshaanza kurekodi.

Mama nimemtuliza, ameamini kuwa sikuliwa. Juzi nikamsimulia, kumpoza, kwamba watu wa visiwa vya St Kilda, huko huko Uskoti, kabla hawajahamishwa wote mwaka 1930, waliwavuna hao hao fulma, wakawala nyama, mafuta yao wakawasha taa, na kodi ya mwenye ardhi wakailipa kwa manyoya na mafuta.

Akanyamaza. Mama akinyamaza hivyo anapiga hesabu.

"Koti umeshalifua?"

"Bado, mama, liko kwenye mfuko."

"Usilifue kwanza," akasema. "Niulizie bei."